Usukani wa Mama Towela

Mwezi wa nane, wakati Ziwa Mweru limetulia na mchanga wa Kabuta umekauka kama unga wa muhogo, njia itokayo ufukoni kwenda bara hujaa baiskeli tangu mapambazuko. Zinapita zimebeba mabeseni ya chisense, vile visamaki vidogo vinavyoanikwa mchangani hadi ving'ae kama sindano. Zinapita zimebeba mihogo, mbuzi waliofungwa miguu, magodoro, na mara nyingine wagonjwa walioegemea mgongo wa anayeendesha. Mahali ambapo baiskeli ndiyo mguu na ndiyo mkokoteni wa mtu, fundi wa baiskeli hawezi kuwa mtu mdogo. Na pale Kabuta fundi aliyevuma alikuwa mmoja tu, Guylain Kalenga.

Guylain alikuwa na umri wa miaka thelathini. Alivuka kutoka Kongo akiwa kijana, akikimbia vita na spana zake zimefungwa ndani ya kitenge cha marehemu mama yake. Alipewa kiwanja katika makazi ya wakimbizi, akalima muhogo kama wenzake, lakini mikono yake haikupata amani hadi alipotandika turubai kando ya mashine ya kusaga pale Kabuta na kuanza kutengeneza baiskeli. Mwaka wa kwanza watu walimwita "yule mkimbizi". Mwaka wa pili wakamwita "fundi". Jina hilo la pili alilivaa kama mtu avaavyo shati jipya siku ya Jumapili, na alikuwa tayari kufanya lolote lisichafuke.

Ustadi wake haukuwa wa kubahatisha. Angeweza kufumba macho, akazungusha gurudumu na kusikia kwa sikio ni spoku ipi iliyolegea. Ila alikuwa na ila moja, na ila hiyo aliiona kuwa sifa: hakuwa mtu wa kuuliza.

"Mutu analeta baiskeli yake," alizoea kusema kwa Kiswahili chake cha Katanga, "anasema tu iko inauma wapi. Dawa, ni miye njo najua."

Wateja walicheka, naye akacheka pamoja nao, kwa maana mpaka wakati huo dawa zake zilikuwa zimeponya.

Basi Jumatatu moja alikuja Eness Mwape, mwanamke wa makamo, mrefu na mkavu kama mlingoti, ambaye hakuna aliyewahi kumsikia akipaza sauti. Watu wa ziwani walimwita bana Towela, na Wakongo wakamwita Mama Towela, kwa jina la binti yake aliyekuwa mwalimu huko Mansa. Kwa miaka kumi na mmoja mama huyo alikuwa mhudumu wa kujitolea wa wajawazito. Aliwatembelea vijijini na katika makazi ya wakimbizi, akawapima, akawashauri, na siku ya uchungu ilipofika aliwapeleka kwenye kituo cha afya cha Kafutuma. Miaka yote hiyo alikwenda kwa miguu au kwa baiskeli ya kuazima.

Sasa alikuwa na baiskeli yake mwenyewe. Towela aliinunua ikiwa mtumba na kuituma kwa lori. Ilikuwa baiskeli ya mjini ya mtindo wa kizamani, nyeusi tii, fremu yake imepinda chini kama shingo ya bata ili mwanamke apande bila kuinua kitenge. Ilikuwa na madigadi mapana, kifuniko cha mnyororo, tandiko la ngozi lenye springi, na keria ambayo ingeweza kubeba gunia na mwenye gunia. Kasoro ilikuwa moja. Njiani mizigo iliilalia, na usukani wake ukavunjika shingoni.

Guylain aliizunguka baiskeli ile mara mbili. Mapenzi yalimwingia palepale. "Mama Towela," alisema hatimaye, "hii si baiskeli. Hii ni bibi harusi."

"Basi mtafutie bibi harusi mikono, mwana wandi," Mama Towela alijibu, akimwita mwanangu kwa lugha ya watu wa ziwani. "Mwanamke asiye na mikono atapika nini?"

Juu ya waya mle kibandani zilining'inia sukani tatu. Wa kwanza ulikuwa umenyooka kama rula, mwembamba, wa chuma kilichong'aa hata mtu angeweza kujitazama humo. Wa pili ulijikunja kwenda chini kama pembe za kondoo dume, wa baiskeli za mashindano. Wa tatu ulikuwa wa zamani na umeshika kutu. Ulikuwa mpana, na ncha zake mbili zilirudi nyuma kumfuata mwendeshaji kama mikono ya mtu anayepokea mtoto.

Mama Towela aliupita wa kwanza, akaupita wa pili. Aliomba wa tatu uwekwe kwenye shingo ya baiskeli, hata bila kukazwa, akapanda huku Guylain ameshikilia keria. Aliketi wima. Akaweka mikono. Kisha akageuza kichwa na bega kutazama nyuma, kwanza kulia, halafu kushoto, huku mkono mmoja umebaki usukanini.

"Huu," alisema.

"Huu?" Guylain alishangaa, naye usukani aliuita gido kama Wakongo wenzake. "Mama, hii gido ni ya wazee. Hata baba yangu hangeiweka. Chukua hii ya kunyooka, iko muzuri, iko ya kisasa."

"Mimi ndiye nitakayekaa hapo."

"Lakini ni miye fundi."

"Ndiyo maana nimekuja kwako," alisema mama huyo akiteremka taratibu. "Niwekee huu wa kutu. Nitarudi Jumatano." Akajitwisha mfuko wake wa vipimo, akaenda zake kwa miguu.

Pengine Guylain angetii, kama si habari iliyokuwa ikimzunguka kichwani kama nzi. Ijumaa ya juma hilo angefika Kabuta Bwana Chikondi, ofisa wa shirika moja la afya lenye ofisi kule bomani Nchelenge. Shirika lilikuwa na baiskeli ishirini za wahudumu wa kujitolea. Fremu na magurudumu vilikuwa tayari, lakini zilihitaji fundi wa kuziunganisha, kuzichagulia sukani na breki, na kuzitunza mwaka mzima. Bwana Chikondi alitaka kuona kwanza kazi za mafundi. Guylain alijua kwamba atakayepata kazi hiyo hataitwa tena fundi wa chini ya turubai. Na kazi gani ingemwonyesha vizuri zaidi kuliko ile baiskeli nyeusi? Angewezaje kuiweka mbele ya wageni ikiwa na chuma cha kutu kichwani?

Akajiambia kwamba Mama Towela ni mtu mzima, hajui mambo ya sasa. Akiiona iking'aa, atashukuru.

Siku mbili alifanya kazi kama mtu anayepamba altare. Aliutia mnyororo mafuta, akaling'arisha tandiko kwa kitambaa, akaondoa breki za zamani za vyuma na kuweka za waya, kisha akafunga ule usukani ulionyooka. Ulipokaa pale mbele, mwembamba na mweupe, wapita njia walisimama. Wavuvi waliacha nyavu zao wakaja kuutazama. Guylain alisimama kando, kifua mbele, akapokea sifa bila kuzipunguza.

Jumatano asubuhi Mama Towela alifika. Alipoiona baiskeli yake aligusa usukani kwa kidole kimoja, kama mtu anayepima joto la sufuria.

"Ule wangu uko wapi?"

"Uko pale kwenye waya. Mama, angalia kwanza. Angalia sawa vile iko inang'aa. Kabuta yote haina baiskeli kama hii."

"Mwana wandi, sikukuomba ing'ae."

Guylain alifungua kinywa kujibu, lakini simu ya Mama Towela ikalia ndani ya kitenge. Alisikiliza kidogo tu. Plamedie, mke wa mkulima mmoja kule kwenye makazi, alikuwa ameshikwa na uchungu wa mimba ya kwanza, na mumewe alikuwa ng'ambo ya ziwa. Mama Towela alirudisha simu mahali pake, akaufunga mfuko wa vipimo, akaitazama baiskeli na kumtazama fundi. Hapakuwa na wakati wa kufungua nati hata moja.

"Tutazungumza," alisema. Akapanda, akainama mbele kuufikia usukani, akaondoka. Guylain aliona jinsi gurudumu la mbele lilivyoyumba alipoingia kwenye mchanga, lakini alijiambia kwamba kila kitu kipya huhitaji kuzoewa.

Jua lilipokuwa limeanza kushuka, mchuuzi mmoja wa samaki aliyekuwa akirudi kutoka bara alisimamisha baiskeli yake mbele ya turubai. "Fundi, umesikia? Mama Towela ameanguka pale kwenye mteremko wa kijito. Alikuwa na mama mjamzito nyuma."

Spana ilimtoka Guylain mkononi. Hakuuliza la pili. Alirukia baiskeli yake mwenyewe, akaacha kibanda wazi na sukani zote zikining'inia, akashika njia ya Kafutuma.

Pale kijitoni njia inashuka kwa ghafla na mchanga ni mwingi. Aliona alama zote bila kusimuliwa na mtu. Mstari wa gurudumu ulishuka ukiwa umenyooka, ukaanza kupinda kushoto na kulia kama nyoka aliyepigwa jiwe, kisha ukakatika. Mbele yake mchanga ulikuwa umevurugika, na hapo zikaanza nyayo za watu wengi waliokuja kusaidia. Guylain aliisukuma baiskeli yake kando ya nyayo hizo. Alikuwa amewahi kukosea kabla ya siku hiyo, kama kila mtu anayefanya kazi kwa mikono. Lakini hakuwa amewahi kukosea kwa kusudi.

Kwenye kituo cha afya alimkuta Mama Towela ameketi kwenye benchi la nje, kifundo cha mkono wa kulia kimefungwa bandeji. Baiskeli nyeusi iliegemea ukuta, usukani wake bado uking'aa.

"Mama," Guylain alisema.

"Kaa," alisema Mama Towela.

"Na ule mama mwingine?"

"Yuko ndani. Aliangukia mchangani, mimi nikaangukia mkono. Wakulima walitufikisha. Sasa tunasubiri."

Wakasubiri. Hakumkaripia, na hilo lilimuumiza Guylain kuliko ngumi. Kila sauti iliyotoka nyuma ya ule mlango aliisikia kama hukumu. Alikumbuka wavuvi waliomsifu, na akaona haya, kwa kuwa hakuna hata mmoja wao ambaye angepanda baiskeli ile akiwa na mtu mwenye uchungu mgongoni. Kulipokuwa bado na mwanga, kilio chembamba kilipasua ukimya, na muuguzi akatoka akijifuta mikono. Alisema mtoto ni wa kike, mzima, na mama yake anaomba chai.

Guylain aliinamisha kichwa magotini. Mama Towela akasema, "Mimi nitalala hapa na Plamedie. Kesho asubuhi njoo unichukue. Nina akina mama wawili wa kutembelea kabla ya kurudi Kabuta, na mkono huu hauwezi kushika hata kijiko. Utanipeleka wewe, kwa baiskeli yangu, kama ilivyo. Usiiguse."

"Nakuja na yangu, mama. Yangu iko na gido mupana."

"Nimesema kwa yangu."

Asubuhi ya Alhamisi Guylain alifika Kafutuma juu ya keria ya mchuuzi wa samaki. Mama Towela alikuwa tayari. Aliketi upande kwenye keria ya baiskeli yake, mfuko wa vipimo mapajani, mkono wenye bandeji umekumbatiwa na mzima. Guylain alipanda, akakanyaga pedeli, wakaondoka.

Hatua mia za kwanza alijiona hodari. Njia ilikuwa ngumu na tambarare. Kisha ikaja sehemu ya mchanga, naye akahisi kitu ambacho hakuwa amekihisi katika miaka yote ya kutengeneza baiskeli za watu. Kwa uzito wa mama huyo nyuma, gurudumu la mbele lilikuwa jepesi, likawa linageuka kushoto na kulia kama kichwa cha mbuzi anayekataa kamba. Ule usukani mwembamba haukumpa nguvu ya kulirudisha. Tena ulikuwa mbali. Ilimbidi ainame, na alipoinama uzito wote wa kifua chake ukakaa juu ya viganja. Kabla hawajafika nyumba ya kwanza, vidole vyake viwili vya mwisho vilikuwa vimekufa ganzi.

Mama Towela alimtembelea mjamzito wa kwanza, akatoka, akaketi tena. Hakuuliza lolote. Walikwenda kwa wa pili, wakatoka huko jua limeanza kuchoma, na shingo ya Guylain ilikuwa ngumu kama gogo. Alijaribu kuketi wima apumzishe mgongo, mikono ikakosa kuufikia usukani. Alijaribu kuusogelea mbele, magoti yakagonga. Njia ambayo alikuwa ameipita mara elfu kwa baiskeli yake ilikuwa imegeuka njia ya ugeni.

Wakafika kwenye kijito kile, juu ya mteremko wa upande wa pili.

"Mama, uko muzuri?" aliuliza.

Nyuma kukawa kimya. Mama Towela hakujibu.

"Mama?"

Kimya. Hofu ilimpata. Labda mkono umemzidi, labda anazimia, labda anateleza. Guylain aligeuza kichwa na bega amtazame, na ule mkono mmoja uliobaki usukanini haukuwa na nguvu ya kulishikilia gurudumu. Likakata kushoto. Mchanga ukalimeza. Ardhi ikainuka, na Guylain akajikuta amelala kifudifudi, mdomo umejaa vumbi, pedeli imemchuna mguu.

Aliponyanyua kichwa alimwona Mama Towela amesimama pembeni, mfuko wake begani, kitenge hakijapata hata alama.

"Nilijua," alisema. "Nikaweka miguu tayari."

"Kwa nini hukunijibu?"

"Hata Plamedie hakunijibu jana. Uchungu ulikuwa umembana, hakuweza kusema. Ikabidi nimtazame. Mama aliye nyuma lazima atazamwe, mwana wandi, kila baada ya hatua chache. Ananyamaza, unamtazama. Analia, unamtazama. Siku nyingine damu inatoka, na yeye mwenyewe hajui."

Guylain aliketi mchangani, akatazama viganja vyake vilivyokuwa vyekundu. Sasa alikumbuka vizuri jinsi mama huyo alivyogeuka kulia na kushoto siku ile ya kuchagua. Alikuwa amemshikilia keria kwa mikono miwili, na hakuona kitu.

"Nisamehe, mama," alisema. "Nilitengenezea macho ya watu."

"Nimekusamehe tangu jana, nilipokuona umekuja mbio. Lakini msamaha wangu haukufundishi kitu. Ndiyo maana nilikutaka ukae pale ninapokaa." Akamnyooshea mkono wake wa kushoto, akamwinua. "Haya, twende kwa miguu. Mimi nimezoea."

Waliisukuma baiskeli hadi Kabuta. Njia nzima Guylain aliuliza maswali, mengi kuliko aliyowahi kuuliza tangu ashike spana. Aliuliza wajawazito huketi vipi, keria huwaumiza wapi, mvua ikinyesha njia ipi hufaa, na mwenye mkono mfupi hufanyaje. Mama Towela alijibu moja moja, bila haraka. Walipofika, fundi aliushusha ule usukani wa tatu, akausugua kwa msasa hadi kutu ikatoka, akaupaka rangi nyeusi. Lakini hakuukaza. Alimwomba mama apande, akauinua kidogo, akamwomba apande tena, akauteremsha upana wa kidole, mpaka Mama Towela alipopumua na kusema, "Hapo." Ndipo akakaza.

Ijumaa Bwana Chikondi alifika kwa gari, mtu nadhifu mwenye kalamu mbili mfukoni mwa shati. Baadhi ya wahudumu wa kujitolea walikuwa wameitwa kumlaki, wanawake wanane, na Mama Towela miongoni mwao. Ofisa aliizunguka baiskeli nyeusi, akazungusha magurudumu, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha akafika mbele.

"Kazi nzuri, fundi. Ila usukani huu ni wa kizamani." Akatoa kwenye gari usukani mmoja mpya, ulionyooka, mwembamba, unaong'aa. "Tunafikiria kuagiza ishirini za aina hii. Fundi mmoja kule bomani ameshauona, amesema unafaa. Wewe unasemaje?"

Hapo palikuwa penye mtihani. Neno moja tu, "unafaa", na kazi ingekuwa karibu kuangukia mikononi mwake. Guylain aliupokea ule usukani mpya.

"Bosi, juma hili nilifunga wa aina hii hii kwenye baiskeli hii," alisema. "Mwenyewe alikuwa amenikataza. Niliona miye njo najua. Mama mwenye mimba akaanguka, na Mama Towela akaumia mkono. Bandeji ile unayoiona ni kazi yangu."

Wanawake walitazamana. Bwana Chikondi aliziba kalamu yake polepole. "Unaniambia habari hizo siku ninayotafuta fundi?"

"Ukitaka, mpe yule wa bomani kazi. Lakini usiagize bado. Niko na sukani za kila aina hapa. Watakaozipanda ni hawa. Nipe saa moja waketi juu yake, kila mmoja na mzigo wake nyuma, ndipo uandike."

Ofisa aliitazama saa yake, akamtazama Mama Towela, ambaye hakusaidia upande wowote. Mwishowe akavuta kigoda cha kibandani na kuketi. "Saa moja," alisema.

Guylain alifanya kazi kwa utulivu wa mtu anayejua anachokifanya. Alifunga usukani, mwanamke akapanda, mwenzake akaketi kwenye keria, wakaenda mpaka kwenye mashine ya kusaga na kurudi. Akafungua, akafunga mwingine. Ukimwacha Mama Towela aliyeumia mkono, watano walipenda ule mpana unaorudi nyuma, kila mmoja kwa kimo chake. Mmoja, mwenye maumivu ya kiuno, aliomba atafutiwe wa upana wa kati, ulioinuliwa zaidi.

Wa mwisho alikuwa Mwaka, msichana mwenye mabega mapana, aliyepeleka dawa kwenye vibanda vya wavuvi. Aliujaribu ule mpana, akarudi, akaukataa. Akanyoosha mkono na kuchukua ule ulionyooka, ule ule wa Bwana Chikondi.

Guylain alifungua kinywa. Alikuwa na mchuno mguuni uliotosha kuwa ushahidi, na maneno yalikuwa yamemjaa hadi kooni. Akakifunga kinywa. Kisha akauliza, "Dada Mwaka, utanieleza?"

"Njia yangu inapita katikati ya matete," alisema Mwaka. "Ni nyembamba kama mlango wa kuku. Upana ule utanasa kila hatua. Tena mimi sibebi mtu, nabeba sanduku la dawa, na njia yangu ni ngumu, haina mchanga."

"Basi huo ni wako," alisema Guylain, akachukua spana.

Mama Towela akacheka kwa mara ya kwanza juma hilo. Bwana Chikondi naye alisimama kutoka kigodani, akafungua daftari lake, akakata mstari mmoja mrefu juu ya ukurasa uliokwisha kuandikwa.

"Yule fundi wa bomani," alisema, "hakuniuliza baiskeli hizi ni za nani. Jumatatu nitakuletea fremu zote ishirini. Wahudumu waliobaki nitawaita mwenyewe, uwapime kama ulivyowapima hawa."

Kabla mvua za kwanza hazijaanguka, baiskeli ishirini zilitoka chini ya turubai la Kabuta. Zilipopangwa mbele ya kituo cha afya cha Kafutuma zilionekana kama ng'ombe wa zizi moja wenye pembe za kila namna, zilizoinuka, zilizolala, pana na nyembamba. Baadhi ya watu walizicheka kwamba hazifanani. Guylain aliwasikia wala hakujali. Hata wateja wake wa zamani walimwona amebadilika, kwani kabla ya kushika spana alimtaka mtu apande kwanza, aende, arudi, aseme. Na mtu akimwuliza kwa nini fundi hodari kama yeye anapoteza muda kumsikiliza asiyejua hata kukaza nati, alimjibu bila kuona haya kwamba kitanda usichokilalia, hujui kunguni wake.